Kadi ya grafiki, Linux na televisheni: ya kuangalia kabla hujatoa pesa

Wiki hii siandiki siasa wala bei ya unga. Naandika kuhusu kipande cha elektroniki kisichozidi sana kiganja cha mkono, kilichonitia aibu mbele ya watu wa mtaa wangu. Nimeona heri niyaeleze niliyojifunza ili mwengine asitupe pesa baharini kama nilivyozitupa mimi.

Nyuma ya madrasa yetu hapa Mombasa kuna chumba ambamo watoto wa kidato cha tatu na cha nne hukutana jioni kudurusu. Ndugu yetu aliyeko Muscat alituletea televisheni ya inchi 50, ya 4K. Kompyuta tulikuwa nayo: Dell OptiPlex 7010, ile ndogo nyembamba, iliyotumika ofisini ng'ambo kisha ikafika huku kama mtumba. Tulikuwa tumeiwekea Linux Mint kwa sababu mbili. Leseni ya Windows ina bei yake, na hatukutaka kutumia programu ya wizi ndani ya jengo la madrasa.

Nyuma ya kompyuta ile sikuona tundu la HDMI. Nikatangaza, kwa ule uhakika wa mtu mwenye stashahada ukutani, kwamba inahitaji kadi ya grafiki. Wazazi wakachanga shilingi elfu saba. Mwekahazina wetu, mama mkali wa hesabu, alinikabidhi pesa akaniambia, "Kakangu, hizi ni amana za watoto wa watu. Niletee risiti."

Risiti nilimletea. Kadi ndiyo iliyokataa. Bamba lake la chuma lilikuwa refu kuliko kompyuta yenyewe, hata uisukume vipi kifuniko hakifungi. Nikarudi dukani, nikaonyeshwa maandishi chini ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Usiku ule kijana mmoja wa chuo akainama nyuma ya kompyuta na tochi ya simu, akauliza kwa adabu, "Ami, na haya matundu mawili hapa ni ya nini?"

Yalikuwa matundu ya DisplayPort. Adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI, ya shilingi mia chache, ikawasha televisheni kesho yake magharibi. Kadi haikuhitajika kabisa. Zile elfu saba nilizirudisha kutoka mfukoni mwangu kwa mafungu matatu, na mwekahazina akaniandikia risiti kila mara.

Mwaka mmoja baadaye tulikuja kuhitaji kadi kweli. Safari hiyo nilisoma kwanza, nikapima, nikauliza, ndipo nikafungua mfuko. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tazama nyuma ya kompyuta kwanza

Karibu kila kompyuta ya ofisi ina grafiki ndani ya proseza yake. Zinazokosa ni chache. Kwa Intel, ukiona herufi F mwisho wa jina la proseza, kama i5-11400F, basi grafiki hamna na kadi ni lazima. Zilizobaki zinaweza kutoa picha zenyewe, na swali ni kupitia tundu gani.

HDMI unaijua, ndiyo ile iliyo nyuma ya televisheni yoyote ya siku hizi. Inabeba picha na sauti pamoja. DisplayPort inafanana nayo kwa mbali, lakini imekatwa pembe moja tu, ile nyengine ni mraba. Hiyo nayo hubeba picha na sauti. Ukiona kando yake alama ya herufi D na P pamoja na alama mbili za kujumlisha, ujue tundu hilo linaweza kutoa ishara ya HDMI kupitia adapta ya kawaida isiyo na chipu ndani. Zingatia upande wa kwenda: adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI haifanyi kazi ukiigeuza, na madukani zote mbili zimewekwa kwenye sanduku moja.

VGA, ile ya buluu yenye skrubu mbili, haibebi sauti hata kidogo. Ziko adapta za VGA kwenda HDMI zenye waya wa USB wa kupata umeme na tundu dogo la sauti. Zinafanya kazi, lakini picha haiwi kali kama ile nyengine, na ikiwa kuna njia nyengine mimi sizitaki. DVI iko kati na kati. Picha yake ni safi, ila sauti hutegemea kadi yenyewe, nyingi hazitoi.

Kisha kuna suala la ukubwa wa picha. Proseza za Intel za kizazi cha tatu, kama ile i5-3470 iliyomo kwenye kompyuta yetu, hazitoi 4K kwenye televisheni. Zinaishia 1080p. Kuanzia kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2013, 4K inawezekana, lakini kwa HDMI ya kiwango cha 1.4 ni picha 30 tu kwa sekunde. Filamu na masomo huwezi kuona tofauti kubwa, lakini mause inatembea kama imelewa. Picha 60 kwa sekunde za 4K zinataka HDMI 2.0 kwenda juu, au DisplayPort 1.2 yenye adapta ya chipu, ile ambayo bei yake imepanda kidogo na kwenye pakiti imeandikwa wazi 4K 60Hz.

Kizazi unakisoma kwenye jina. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo: i5-3470 ni ya tatu, i5-7500 ni ya saba, i5-11400 ni ya kumi na moja.

Sasa jiulize kama 4K unaihitaji. Kwetu watoto hukaa mita tatu mpaka tano kutoka kwenye televisheni ya inchi 50. Kwa umbali huo hesabu zilizoandikwa ubaoni zinasomeka vizuri kwa 1080p, na televisheni yenyewe huikuza ijaze kioo. Mwaka mzima tulitumia hivyo, hakuna aliyelalamika.

Kinachoivunja mgongo kompyuta ni kufumbua video

Tatizo letu la pili halikuwa la matundu. Mwalimu wa hesabu alianza kurekodi masomo kwa simu yake Jumamosi ili yaonyeshwe Jumapili kwa waliokosa. Simu ilikuwa nzuri, na ikirekodi kwa 4K. Tulipoweka faili kwenye kompyuta, feni ikavuma, picha ikakwama, sauti ya mwalimu ikatangulia mbele na mkono wake ubaoni ukafuata nyuma. Mtoto mmoja akasema mwalimu amekuwa jini.

Video haikai ndani ya faili kama ilivyo, imebanwa. Kuicheza ni kuifumbua, picha 25, 30 au 60 kila sekunde. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa nguvu na proseza, au ikafanywa na kijisehemu maalumu ndani ya chipu ya grafiki kilichoundwa kwa kazi hiyo peke yake. Kijisehemu hicho kinafumbua kwa utulivu na kwa umeme mdogo, lakini kinajua tu mitindo ya kubana iliyokuwepo kilipotengenezwa. Mtindo mpya ukija, hakifundishiki. Hapo ndipo kadi ya grafiki ina maana kwa mtu wa televisheni, na hili wauzaji wengi hawalisemi. Wao watakutajia gigabaiti za kumbukumbu. Kwa kucheza video, kadi ya gigabaiti mbili inayojua mtindo wako ni bora kuliko ya gigabaiti nne isiyoujua.

Mitindo unayohitaji kuijua ni minne. H.264 ni ya mwaka 2003 na karibu kila chipu unayoweza kuikuta mtumbani inaifumbua. H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ni ya 2013. Simu za siku hizi hurekodi nayo kwa sababu faili linakuwa dogo. VP9 ni ya Google, ya mwaka huo huo wa 2013, na YouTube huitumia sana. AV1 ya 2018 ndiyo changa kuliko zote, na YouTube nayo inaitumia.

Grafiki za Intel zilizo ndani ya proseza zinafuata mpangilio ufuatao. Kizazi cha tatu hufumbua H.264 na hukoma hapo. Cha sita kinafumbua H.265 ya kawaida. Cha saba kinaongeza H.265 ya biti 10, ile yenye rangi nyingi zaidi, pamoja na VP9. Cha kumi na moja kinaongeza AV1. Kwa hivyo mtu akikuuzia kompyuta ya ofisi yenye proseza ya kizazi cha saba au zaidi, nakushauri uache kabisa habari ya kadi. Tofauti ya bei kati yake na ile ya kizazi cha tatu huenda ikawa ndogo kuliko bei ya kadi utakayoiongeza baadaye.

Hata ukiwa na kompyuta kongwe, iko njia ya bure. Programu ya HandBrake ipo kwenye Linux, inageuza faili la H.265 la 4K kuwa H.264 la 1080p, na baada ya hapo kompyuta yoyote inalicheza. Simu nyingi pia zina mpangilio wa kurekodi kwa mtindo wa zamani. Kwa video za YouTube, kuna kiongezo cha kivinjari kinachoitwa h264ify ambacho huilazimisha ikupe H.264, ingawa hapo hupati zaidi ya 1080p. Sisi tulijaribu HandBrake majuma kadhaa. Kwenye ile i5 kongwe somo moja la saa mbili lilikuwa likila usiku kucha, na stima ikipotea saa nane za usiku, asubuhi hamna kitu. Mwalimu wa pili na wa tatu walipoanza kurekodi, nikarudi kwa mwekahazina. Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Safari hii utaniandikia kwenye karatasi kwanza, ndio nikupe."

Kimo, sloti na umeme

Karatasi ile ilianza na rula. Kompyuta za ofisi huja za aina mbili kubwa: za kusimama, zenye nafasi, na hizi nyembamba. Nyembamba zinapokea kadi za kimo kifupi tu, ambazo bamba lake la chuma ni la sentimita nane hivi, wakati lile la kawaida ni la sentimita kumi na mbili. Kadi nyingi fupi huuzwa na mabamba mawili, refu limefungwa kwenye kadi na fupi limo kwenye mfuko. Kwenye mtumba lile fupi huwa limepotea zamani. Usilipe kabla hujaliona. Ziko pia fupi kabisa zisizo na HDMI wala DisplayPort bali tundu moja la ajabu linalotaka waya wake maalumu wa kugawanyika. Waya huo nao huwa umepotea.

Angalia na unene. Kadi nyengine hula nafasi ya sloti mbili kwa sababu ya feni, na ndani ya kompyuta nyembamba sloti ya pili mara nyingi haipo au imezibwa na waya.

Umeme ndio ulionitia hofu zaidi. Sloti ya PCIe kwa kiwango chake inaweza kuipa kadi mpaka wati 75, lakini baadhi ya kompyuta nyembamba za ofisi huruhusu chini ya hapo. Pawa ya OptiPlex yetu yote ni ya wati 240, na humo kuna proseza na diski zinazokula pia. Kadi yoyote inayotaka waya wa ziada kutoka kwenye pawa, yaani yenye tundu la pini sita au nane ubavuni, iache hapo dukani. Tafuta zinazokula wati 30 mpaka 50.

Na hapa pwani lazima niseme jambo la joto. Kadi zisizo na feni zinasifiwa kwa ukimya, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini ukiifungia ndani ya kabati chini ya televisheni mwezi wa Machi, katika chumba kisicho na kiyoyozi, utaichoma. Mimi nachukua yenye feni ndogo na nazoea kelele. Ikiwa ni mtumba, tazama na meno ya shaba yanayoingia kwenye sloti. Hewa ya bahari huyatia kutu ya kijani. Yakiwa na weusi mdogo, raba ya penseli huyasafisha. Yakiwa yamelika, hiyo si kadi tena.

Intel, AMD au Nvidia

Kwenye Windows swali hili ni la bei. Kwenye Linux ni swali la draiva, yaani ile programu inayoiongoza kadi, na nani anaitunza.

Draiva za Intel na AMD ni za wazi na zimo ndani ya kerneli ya Linux yenyewe, zikisaidiwa na mkusanyiko unaoitwa Mesa. Unachomeka kadi, unawasha, picha inatoka. Hakuna cha kupakua. Kampuni ikichoka na kadi yako, draiva haifi siku hiyo, kwa sababu watu wengine wanaweza kuiendeleza.

Nvidia ni hadithi nyengine. Draiva yake nzuri ni ile inayotolewa na kampuni yenyewe, na kila baada ya miaka kadhaa vizazi vya zamani huachwa kando. Mwaka 2012 huko Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alisema hadharani kwamba katika kampuni zote za vifaa walizoshughulika nazo, hiyo ndiyo iliyowapa taabu kuliko zote. Mambo yamekuwa afadhali tangu wakati ule, lakini kwa kadi za bei ya chini, ambazo ndizo tunazozikuta mtumbani, tatizo bado lipo. GT 710 na nyingi za GT 730 zinategemea tawi la draiva la 470, ambalo muda wake wa kuhudumiwa ulikwisha mwaka 2024. Tena hazifumbui H.265. Hizo, hata upewe kwa bei ya samosa, hazikusaidii zaidi ya kukuongezea tundu la HDMI, na tundu nimekwisha kukueleza namna ya kulipata kwa adapta.

GT 1030 ya mwaka 2017 ina mambo mazuri. Inakula wati 30 hivi, ipo ya kimo kifupi, ina HDMI 2.0, inafumbua H.265 ya biti 10 na VP9. Iko ya aina mbili, ya kumbukumbu ya GDDR5 na ya DDR4. Ya pili ni dhaifu sana kwa michezo, ila kwa kucheza video si neno. Kasoro yake ni ile ile ya draiva: tawi la 580 ndilo la mwisho kukihudumia kizazi chake. Ukibaki na draiva ya wazi ya nouveau, picha utaipata lakini kadi itakwenda kwa mwendo wa konokono na video haitafumbuliwa na chipu. Ukiichagua, shika toleo la Linux la muda mrefu na usiwe na haraka ya kupandisha. Na kama kompyuta yako ina Secure Boot imewashwa, draiva ya Nvidia inaweza kukataliwa mpaka uikubali kwa nenosiri wakati wa kuwasha.

Upande wa AMD, RX 550 nayo ni ya 2017, inakula wati 50, haitaki waya wa umeme, ina HDMI 2.0 na inafumbua H.265 ya biti 10. VP9 haiijui. RX 6400 inaijua, nayo ipo ya kimo kifupi na hula wati 53 tu, lakini AV1 haiifumbui ingawa ndugu zake wakubwa wa RX 6600 wanaifumbua. Anayetaka AV1 kwenye kadi ndogo atafute Intel Arc A310 au A380. Hizo zinajua mitindo yote minne, ila zinataka kerneli ya 6.2 kwenda mbele, na kwenye kompyuta za zamani huwa dhaifu kwa michezo kuliko zinavyostahiki. Kwa video hilo halikuhusu. Nina shaka moja tu: kuweka kadi ya bei ile ndani ya kompyuta yenye thamani ndogo kuliko kadi yenyewe. Hapo uza kompyuta, ununue ya kizazi cha kumi na moja.

Wenye televisheni kubwa za kisasa zinazopokea 4K ya picha 120 kwa sekunde, jambo hili liwe akilini mwenu. Mwezi wa Februari 2024 ilijulikana kwamba HDMI Forum, wenye kiwango hicho, waliikatalia AMD kutoa draiva ya wazi yenye HDMI 2.1. Kwa picha 60 haidhuru, HDMI 2.0 inatosha.

Sisi tulichagua RX 550 fupi iliyotumika. Masomo yetu ni mafaili ya H.264 na H.265 yaliyomo kwenye diski, hatutegemei YouTube kwa sababu bando ni ghali, kwa hivyo kukosa VP9 hakutuumizi. Na draiva kuwemo ndani ya Linux kulinipa usingizi, maana kesho nikiondoka mtaa huu, atakayekuja nyuma yangu hatakuwa na kazi ya kutafuta mafaili. Mwenye nyumba anayeangalia YouTube kutwa ningemwambia vyengine.

Kuijaribu dukani na kuitengeneza nyumbani

Kabla ya kulipa, nilikwenda na kompyuta yenyewe kwapani na flashi yenye Linux Mint. Linux inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hivyo unaweza kuijaribu kadi mbele ya muuzaji. Ukiandika `lspci` kwenye tamino, jina la kweli la kadi linajitokeza, si lile la stika. Ukiweka kifurushi cha `vainfo` na kukiendesha, kitakuorodheshea mitindo ambayo chipu inaijua. Mstari wenye HEVCMain10 na neno VLD mwishoni una maana H.265 ya biti 10 inafumbuliwa. Jaribio hili ni la Intel na AMD. Kwa Nvidia flashi itakupa nouveau, haitakwambia kitu. Muuzaji akikataa ujaribu, maduka ni mengi.

Ukishaiweka, chomeka waya wa televisheni kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la kompyuta. Nacheka kuandika hivi lakini nimeitwa nyumba mbili kwa sababu hiyo. Kisha cheza video kwa `mpv --hwdec=auto` na ubonyeze herufi i; maelezo yatakayotokea yatakuonyesha kama ni chipu inayofumbua au bado ni proseza. Watumiaji wa Fedora wajue kwamba tangu 2022 mfumo huo uliondoa ufumbuaji wa H.264 na H.265 kwenye Mesa yake kwa sababu za hataza, na inabidi uuongeze kutoka hazina ya RPM Fusion. Kadi yaweza kuwa nzima na lawama ikaiangukia bure.

Sauti isipotoka, kadi haijaharibika. Linux imebaki kuipeleka kwenye spika ya zamani. Fungua mipangilio ya sauti, chagua HDMI, ikiwa zimeorodheshwa nyingi zijaribu moja moja. Kingo za picha zikikatwa, mkosaji ni televisheni: kwenye LG tafuta Just Scan, kwenye Samsung Fit to Screen. Weusi ukionekana kijivu kama moshi, televisheni na kompyuta hazijakubaliana kiwango cha rangi, badilisha mpangilio wa HDMI wa nyeusi kwenye televisheni. Na 4K ikigoma kufika picha 60, kuna televisheni ambazo si matundu yote ya HDMI ni sawa, na jingine hulala mpaka uliwashe kwenye menyu. Waya nao una kiwango. Kwa kazi hiyo tafuta ulioandikwa Premium High Speed, na usiwe mrefu bila sababu. Huduma za filamu za kulipia kama Netflix hazikupi 4K kwenye kivinjari cha Linux hata uwe na kadi ya bei gani, hilo ni sharti lao.

Jambo moja hatukulifikiria kwenye karatasi. Rimoti ya televisheni haiongozi kompyuta, kwa sababu kadi hizi za kompyuta kwa kawaida hazina ile njia ya HDMI inayopeleka amri za rimoti. Siku ya kwanza Maalim alibonyeza kitufe cha kusimamisha mara sita, somo likaendelea tu na watoto wakacheka. Tukanunua kibodi ndogo isiyo na waya, yenye kipanya cha kugusa pembeni. Huwekwa kabatini kwa mwekahazina, pamoja na risiti.